Jimny ya mfuko mwepesi: nilichofunga na nilichong'oa

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo niko Arusha, na nyuma yangu mnamwona yule punda wangu mweupe: Suzuki Jimny, umbo la zamani, injini ya 1.3, M13A, gia za mkono. Kwa miezi minane nimekuwa nalifunga hiki, nalifungua kile, na kila ninaposimama sheli kuna kaka au dada ananiuliza, "Nina hela kidogo, nianzie wapi?" Haya, leo namwaga yote, na yale ya aibu nayo.

Kabla hatujaingia chini ya gari, jambo moja. Bei zote nitazitaja kwa matanki. Tanki la Jimny ni lita 40. Nikisema kitu ni nusu tanki, chukua lita 20, zidisha kwa bei ya petroli ya hapo ulipo. Nikitaja shilingi leo, wewe ukaja kuitazama video hii mwezi wa saba, utaniita muongo.

Tuanze na injini, maana ndiko kila mtu anakotaka kuanzia, na ndiko hela inakopotelea. Kwa karatasi, injini hii ina nguvu za kama farasi 85. Hao ni farasi wa Dar, wa usawa wa bahari. Arusha tuko mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapungukiwa karibu asilimia 15. Kwa hiyo hapa lilipoegeshwa hili gari lina farasi kama 72. Nikipanda mpaka ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, nabaki na sitini na kitu. Sasa mtu anakuja kukuuzia ekzosi ya kuongeza farasi watatu. Watatu! Ukianza kupanda ule ukuta wa bonde pale Mto wa Mbu kwenda Karatu, umeshawapoteza wote kabla ya kona ya pili, na unapiga kelele kijiji kizima kinatoka kutazama. Ekzosi sikugusa.

Nilichogusa, na najuta, ni hiki. Sogea karibu uone. Kidude cha kuchomeka chini ya usukani, robo tanki. Kinadai kikikaa kilomita 200 kinasoma uendeshaji wako halafu kinaongeza nguvu. Nimekipa kilomita 600, nisije nikaambiwa sikukivumilia. Nimepata taa ya kijani. Juzi nikachukua bisibisi nikakifungua, na hivi ndivyo kilivyo ndani: taa tatu, kitufe kimoja, kachipu kadogo, na zile pini ambazo ndizo zingezungumza na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, hazijaungwa popote. Kinakonyeza tu. Nimempa mwanangu achezee.

Kilichobadilisha gari ni hiki kingine, kidogo zaidi. Themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

Gari nililinunua mkononi, na kama magari mengi ya mkononi hapa kwetu, kuna fundi aliyenitangulia akaitoa akaitupa. Mnaijua ile imani: gari likichemsha, toa themostati. Mara nyingi kinachochemsha ni rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, au mfuniko wa rejeta uliochoka, lakini hivyo vinataka kutafutwa. Themostati ni boliti mbili tatu, unaitoa, mteja anaondoka ameridhika. Mimi nilichomeka kisomaji cha kompyuta ya gari nikawa nashuka taratibu kutoka Karatu, nikaona maji yako nyuzi 61. Injini inataka ifanye kazi kwenye themanini na kitu. Ikiwa baridi namna hiyo, kontroli boksi inadhani bado ni asubuhi umewasha sasa hivi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Matokeo yake plagi nyeusi, ekzosi inanuka, oili inachoka mapema, na wewe unasema Jimny zinakula mafuta.

Themostati mpya, gasketi yake na kulenti ya kweli, wala si maji ya bomba: nusu tanki. Plagi nne nzuri: kama robo tatu ya tanki. Kusafisha koo la hewa na sensa yake: kopo la dawa na jioni yako moja. Nilikuwa napata kilomita 9 kwa lita, sasa napata 11 njia ileile, mzigo uleule. Na wale farasi 72 sasa wote wako kazini, maana nadhani kumi walikuwa wamelala muda wote huo.

Chujio la koni, lile jekundu la kupendeza, nililifunga pia. Msinicheke. Linakaa wazi ndani ya boneti, linavuta hewa iliyopikwa na injini, na hewa ya moto ni nyepesi, yaani unajipandisha mlima mwingine bila kutoka nyumbani. Hilo ningelisamehe. Nikaenda nalo Mto wa Mbu, Engaruka, mpaka Engaresero kule Natron. Anayeijua njia ile anajua vumbi lake, lile jivu la Oldoinyo Lengai, laini kama unga wa sembe. Nilivyorudi nikaingiza kidole kwenye bomba, nyuma ya chujio, upande ambao hewa inatakiwa iwe safi. Kidole kikatoka kijivu. Kasha la kiwandani likarudi mahali pake siku ileile, na chujio la karatasi la bei ya lita sita.

Snokeli, lile bomba la kuvuta hewa linalopanda mpaka juu ya paa, ni kitu kizuri, hasa kwa vumbi, kwa kuwa hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ya nyuma ya gurudumu la mwenzako. Ila kwenye orodha ya mtu mwenye hela kidogo haimo.

Sasa chini. Na hapa naomba mtulie, kwa sababu kuna kitu wauzaji wa springi hawakwambii: ukifunga springi ndefu, unainua bodi. Difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, inabaki palepale ilipokuwa. Jimny ina ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hiyo lile tumbo la difu linainuliwa na tairi tu. Tairi la kiwandani ni 205/70R15, kipenyo chake milimita 668. Mimi nimefunga 215/75R15, kama 704. Tofauti ni 36, difu inapata nusu, 18. Unaweza kusema milimita 18 ni nini? Kuna jiwe niligonga mwaka jana, nilikosa kama kumi.

Kuna wanaoruka moja kwa moja mpaka 235/75R15. Difu inapanda milimita 33, gari linapendeza kweli. Lakini umeongeza kipenyo karibu asilimia 10, maana yake gia zote zimerefuka kwa kiasi hichohicho, na farasi ni walewale. Gia ya tano utaisahau. Spidi nayo inakudanganya: mshale ukisoma 80, unakwenda 88, na tochi ya trafiki haina habari na tairi zako. Mimi na 215 yangu nikisoma 80 ni 84, navumilia. Tairi nne zimekula matanki kumi. Ni hela, najua. Ndicho kitu cha gharama ambacho ningekinunua tena kesho.

Na upepo ni bure! Fungua mlango wa dereva usome kibandiko: PSI 23 mbele, 26 nyuma. Kijana wa upepo pale barabarani anapiga 35 kila gari, liwe Jimny liwe Fuso, hata hakuulizi. Jimny tupu ni kilo elfu moja na kidogo tu. Ukiipa 35 inaruka kama mpira wa kona, halafu unasema shokapu zimekufa. Kwenye mawe na vumbi mimi nashusha mpaka 16, kwenye mchanga wa korongo 13 na naenda polepole, halafu najaza tena kabla ya lami. Kapampu ka kuunga kwenye betri ni tanki moja na nusu. Kwa hako kapampu peke yake nimewahi kumpita mwenzangu aliyenyanyua gari mpaka unahitaji ngazi kupanda.

Haya, kunyanyua. Nilianza na pingili za kuweka juu ya springi, milimita 30, tanki moja na robo. Zinafanya kazi, kwa mjini. Kasoro yake ni kwamba shokapu zinabaki fupi zilezile: gari likivuka korongo, gurudumu linashuka mpaka shokapu inafika mwisho, unasikia "goo!" Mawimbi ya Engaruka, yale kama bati, yalinipigia hiyo ngoma saa mbili. Nikazitoa, nikanunua seti kamili: springi nne za milimita 50, shokapu nne ndefu, bushi za kasta. Matanki 15. Chapa siitaji, maana hawajanilipa na nina malalamiko.

Springi zenyewe nazisifu. Zimekaza kidogo gari likiwa tupu, ukiweka watu wawili na maji lita 40 nyuma, zinatulia vizuri. Shokapu moja ya nyuma imeanza kutoa jasho mwezi wa nne. Ona hapa, hii nyeusi. Muuzaji alinipa dhamana ya mdomo, na mdomo sasa haupokei simu.

Lakini kisa ni usukani. Siku ile nilikuwa na haraka, nikafunga springi na shokapu, bushi za kasta nikaziacha kwenye boksi, nikasema nitafunga wikiendi. Nikatoka barabara ya Moshi. Kufika 70, napita kituta kidogo, usukani ukaanza kutikisika. Si kule kutetemeka kwa tairi isiyo na balansi, la. Ulikuwa unanipiga mikono. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, gari zima linacheza. Haukukoma mpaka niliposhusha mpaka karibu kusimama. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe.

Nikaenda Unga Limited kwa mzee mmoja fundi, nywele zote nyeupe. Shikamoo, marahaba, namwelezea. Hakufungua hata boneti. Akachukua jeki, akainua gurudumu la mbele, akalishika juu na chini akalisukuma. Likacheza. "Kijana, umenyanyua gari, kasta hukurudisha. Na beringi za kingipini, pale gurudumu la mbele linapogeukia, zilishakufa kabla hujaunyanyua huo mdomo wa gari."

Kasta ni hivi. Angalia uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, umelala kidogo. Ule mlalo ndio unaokuwezesha kuachia mikono na baiskeli ikaenda sawa. Kwenye Jimny ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma. Ukiinua bodi, ile mikono inaizungusha ekseli, mlalo unapungua, usukani unakuwa mwepesi, gari linatangatanga kama limekunywa. Bushi za kasta tundu lake haliko katikati, kwa hiyo zinarudisha ule mlalo. Tulizipiga presi, tukabadilisha beringi za kingipini pande zote, tanki mbili na nusu na ushee, balansi, alaimenti. Nimeshafika 100 tangu hapo, mkono mmoja. Mtu akikwambia dawa ni kufunga shokapu ya usukani, jua anakufunikia ugonjwa. Na kama Jimny yako haijanyanyuliwa na inatikisika, anzia kwenye beringi hizohizo.

Ukimaliza kunyanyua, fanya jambo hili hata kama umechoka: inua gari kwa chesisi mpaka magurudumu yaning'inie, kisha uangalie mipira ya breki. Wangu wa nyuma ulikuwa umekaza kama uzi wa gitaa. Fundi alishusha kishikio chake kidogo, dakika 20. Ekseli nayo husogea pembeni milimita kadhaa, kwa sababu ya ile fimbo ya panhadi, inayoishika ekseli isiende kushoto na kulia. Yangu nimeiacha hivyo, haijanisumbua. Ukitaka uzuri utafunga fimbo ya kurekebisha.

Oh, na loki za magurudumu ya mbele, zile zinazovutwa kwa hewa. Kabla hujanunua chochote, weka 4x4, jeki gurudumu, uhakikishe zinashika. Mirija yake inapasuka ikizeeka, taa inawaka lakini mbele hakuna kitu. Mrija wa lita mbili tatu za petroli umenirudishia magurudumu mawili.

La mwisho ni hili ninalolifanya sasa hivi, ndiyo maana mikono iko hivi. Difu za mbele na nyuma zina kipumulio. Difu ikiwa ya moto ukaingia mtoni, inapoa ghafla, inavuta pumzi, na inachovuta ni maji. Unachohitaji ni mpira wa kupitisha petroli na vibano vinne, unaunganisha vipumulio, unaupandisha mpaka juu ndani ya boneti, mwishoni unaweka kachujio kadogo. Lita nane za petroli zimenitosha. Acha ulegevu karibu na ekseli, maana gurudumu likishuka mpira unavutwa.

Mpira wangu umebaki kama mita moja na nusu, mzima kabisa. Aliye Arusha na Jimny yake aje auchukue, ni wake, aje tu kabla ya Jumamosi, Jumamosi naenda kumtafuta yule jamaa wa shokapu.