Kabla hujauliza bei ya motohomu, uliza nani ataitengeneza

Sisi tulinunua motohomu kwa sababu ya harusi na misiba. Tunaishi Columbus, Ohio, ndugu wametawanyika Dallas, Minneapolis na Atlanta, na mama mkwe akiwepo tunakuwa watu sita. Kila safari ilikuwa vyumba viwili vya hoteli, chakula cha kununua barabarani, na kusimama kila baada ya muda kumtafutia mama choo. Gari lenye vitanda, jiko na choo humohumo lilitufaa sana. Tatizo ni kwamba la kwanza tulilichagua kwa macho.

Lilikuwa na umri wa miaka miwili, linang'aa, lina viti vya ngozi na televisheni mbili. Mvua kubwa ya mwezi wa sita ikapiga usiku kucha, na asubuhi nikakuta godoro la kile kitanda cha juu ya dereva limelowa chapachapa. Nikalirudisha kwa aliyeniuzia. Likakaa kwake wiki 11. Muuzaji anasema anasubiri kibali cha kiwanda, kiwanda kinasema muuzaji hajatuma picha, nikipiga simu tena naambiwa anayeshughulikia yuko likizo. Tulipigwa danadana mpaka shule zikafunguliwa, na marejesho ya mkopo yanakatwa benki kila mwezi kama kawaida.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Motohomu moja ina mikono mingi ndani yake. Chasisi pamoja na injini yake huja kutoka Ford, Ram, Mercedes-Benz au Freightliner. Nyumba iliyokaa juu yake imejengwa na kampuni nyingine. Friji inaweza kuwa ya Dometic au Norcold, jenereta mara nyingi ni Onan ya Cummins. Kila mmoja ana waranti yake, muda wake na fundi wake. Gari lisipowaka unakwenda kwa Ford, friji isipopoa Ford hawakujui. Kwa hiyo ninapopanga motohomu kwa ubora, swali langu la kwanza ni hili: ikiharibika nikiwa maili 500 kutoka nyumbani, nani ataigusa, na baada ya siku ngapi?

Majina kwenye ubavu wa gari nayo yasikuchanganye. Sehemu kubwa ya magari haya hutengenezwa eneo la Elkhart, Indiana, na kampuni chache zinamiliki majina mengi. Thor Industries ina Airstream, ilinunua Jayco mwaka 2016 na Tiffin mwaka 2020. Forest River, yenye Coachmen ndani yake, ni mali ya Berkshire Hathaway tangu 2005. Winnebago, iliyoanzia Iowa, ilichukua Newmar mwaka 2019. Ukubwa wa kampuni haukuhakikishii kazi nzuri, lakini unakupa walau mtu wa kumdai kesho. Februari 2019, kampuni ya Kanada iliyokuwa ikitengeneza motohomu za Roadtrek iliwekwa chini ya mfilisi. Jina lilikuja kufufuliwa na wamiliki wapya, ila kiwanda kilichokupa waranti kikianguka, ile karatasi inabaki kuwa karatasi tu.

Basi huu ndio mpangilio wangu, kwa familia ya kipato cha kawaida.

Namba moja: klasi C iliyotumika miaka minne hadi minane, juu ya chasisi ya Ford E-450. Ni ile yenye pua ya gari la mizigo na kitanda kilichotokeza juu ya dereva. Naiweka mbele kwa sababu ya mafundi. Chasisi hii inabeba mabasi madogo na magari ya kazi kila kona ya Marekani, kwa hiyo spea zipo na gereji zinaijua. Za zamani zina injini ya V10 ya lita 6.8, na kuanzia 2020 ikaingia V8 ya lita 7.3. Zote zinakunywa petroli, jiandae. Kwa upande wa nyumba, mimi hutazama kwanza Winnebago na Jayco. Jayco hutoa waranti ya miaka miwili kwa gari jipya, wakati wengi huishia mwaka mmoja, na kiwanda kinachokubali kubeba mzigo kwa miaka miwili kimekuambia kitu kuhusu kazi yake. Udhaifu wa klasi C ni hapohapo kwenye kitanda cha juu: maungio ni mengi, upepo na mvua vinapiga mbele, na maji yakipenya yanaozesha mbao taratibu bila wewe kuona.

Usipuuze uzito. Ndani ya mlango kuna kibandiko kinachosema gari linaruhusiwa kubeba pauni ngapi za watu na mizigo. Galoni moja ya maji ina uzito wa pauni 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa umeshaweka zaidi ya pauni 330 kabla hata mtoto mmoja hajapanda. Jumlisha watu sita, masufuria, mchele na zawadi za harusi. Nimeona gari refu la kupendeza ambalo kibandiko chake kisingetubeba sisi na begi zetu.

Namba mbili: klasi B, yaani van iliyogeuzwa nyumba. Bodi ni ya chuma ya kiwandani, maungio ya paa ni machache, kwa hiyo hatari ya kuvuja ni ndogo kuliko zote. Inaegeshwa popote. Zile za Ram ProMaster au Ford Transit zinahudumiwa kirahisi. Kwa wawili waliostaafu ningeiweka namba moja bila kusita. Kwa familia haitoshi, na bei yake kwa kila futi inauma.

Namba tatu ni klasi A ya petroli juu ya chasisi ya Ford F-53, lile kama basi lenye kioo kipana mbele. Nafasi ni tele na injini inaeleweka, lakini gereji nyingi za kawaida hazina mlango wala jeki ya kulipokea, itabidi uende kwa mafundi wa malori. Ukimudu klasi A ya dizeli, hasa iliyotumika ya Tiffin au Newmar, unapata kitu adimu: viwanda vyenye vituo vyao vya huduma, Tiffin kule Red Bay, Alabama, na Newmar kule Nappanee, Indiana. Watu huendesha siku nzima kupeleka magari yao huko, watengenezewe na wale wanaoijua kazi ile. Ila gharama za matairi, mafuta na oili zake ni za lori kweli, kwa hiyo kwa wengi wetu naiacha pembeni.

Namba nne, na najua wengi watabisha: zile ndogo za dizeli juu ya Mercedes Sprinter. Zinaendeshwa kwa raha na zinakula mafuta kidogo. Shida inaanza taa ya mfumo wa moshi ikiwaka dashibodi katikati ya Nebraska. Si kila duka la Mercedes linahudumia van, na si kila linalohudumia van lina nafasi ya kuingiza motohomu. Kama unaishi karibu na kituo kinachozipokea na husafiri mbali nacho, ipandishe mpaka namba mbili.

Mwisho kabisa naweka gari jipya la bei ya ofa kutoka kwenye maonyesho. Kasoro za kiwandani huonekana mwaka wa kwanza, na wewe ndiye utakayekuwa unazigundua. Thamani inaporomoka mara tu unapotoka yadi. Halafu mkopo wenyewe unaweza kunyooshwa miaka 15 au 20. Marejesho ya mwezi yanaonekana madogo, lakini unafika mahali deni ni kubwa kuliko gari, na huwezi kuliuza hata ukilichoka.

Sasa ukaguzi. Panda ngazi mpaka juu ya paa, au mlipe anayeweza kupanda. Tazama gundi ya kuzibia kuzunguka feni, kioo cha paa na antena: iwe laini na imeshika, isiwe imepasuka kama udongo wa kiangazi. Ukishuka, ingia ndani, fungua kabati za juu za pembeni na uingize pua. Harufu ya unyevunyevu haidanganyi. Kisha bonyeza ukuta kwa dole gumba kuzunguka madirisha na kwenye kona za kitanda cha juu. Ukuta mzima unakataa kidole. Ulioingia maji unabonyea kidogo, kama embe lililoiva upande mmoja. Nje, simama pembeni uangalie ubavu ukiupigia tochi kwa ulalo, na fibaglasi iliyoanza kubanduka itaonyesha mawimbi. Tairi nazo zina tarakimu nne mwishoni mwa ile namba ya ubavuni inayoanza na herufi DOT: 3419 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2019. Hata kashata za tairi zikiwa nzima, kama lina miaka saba, hesabu bei ya matairi mapya.

Kwa huduma ya mteja nina jaribio moja ambalo halijawahi kunidanganya. Usiongee na wauzaji. Piga simu idara ya matengenezo, useme una motohomu ya aina fulani na friji haipoi, watakuona lini? Wakisema wiki ijayo, vizuri. Wakisema miezi miwili, ndivyo na wewe utakavyoambiwa. Uliza pia kama wanapokea magari yaliyonunuliwa kwingine, maana wengi wakati wa kiangazi hutanguliza wateja wao. Na watakapokuletea waranti ya nyongeza, isome sehemu ya yasiyolipiwa kabla ya kutazama bei. Uharibifu wa maji mara nyingi umo humo.

Gari letu la pili ni klasi C ya E-450 ya miaka sita. Nilimwomba muuzaji aturuhusu kulala ndani ya gari yadini kwake siku ya Ijumaa, akakubali. Tukapika chai, tukawasha hita, tukaoga wote, tukaacha friji iwake usiku mzima. Mvua haikunyesha, basi asubuhi nikaazima mpira wao wa maji, nikalinyeshea paa nusu saa, mke wangu yuko kitandani juu na tochi. Akateremka, mikono mikavu. Tukaingia ofisini kusaini.