Kaa wa kando ya kriki Mtwapa: nyama tamu, kachumbari ndo sikugusa

Jina la hili banda sitaji kwa sababu kuna kitu hapo chini nawasema na sitaki kuwaharibia watu biashara, ila wa Mombasa mnaopenda kaa mtalijua tu. Si hoteli ya vitambaa mezani, ni makuti na viti vya plastiki na karai kubwa la kaa hai pale unapoingia, unachagua wako anapimwa ukiona. Kamba walizofungwa zimelowa matope na zinakula gramu, mi nikawaambia uzito wa kamba silipi, wakacheka wakatoa.

Sasa siku hiyo tulikuwa na shemeji, ambaye kasoma mahali mambo ya kaa wagonjwa na akaja na hofu yake kamili. Kaa mkubwa kuliko wote alikuwa na madoa meusi juu ya gamba, shemeji akasema huyu hapana, ana vidudu. Mpishi, mzee mtaratibu sana, akamgeuza akakwangua doa kwa kisu tukaona halijaingia ndani. Hayo ni bakteria wanaokula gamba lenyewe, na kama hayajatoboa, kaa akijivua gamba yanaenda nalo. Halafu akakata ncha ya mguu mmoja tuone damu, inatoka maji maji hivi yenye usamawati kwa mbali, akasema huyu yuko sawa, na kweli.

Maana ugonjwa wenyewe unaosumbua biashara ya kaa ni wa kijidudu kinaitwa Hematodinium, hukioni kwa macho, kinazaliana kwenye damu mpaka inageuka rangi ya maziwa na kaa analegea anakufa. Kule Alaska wanamwita kaa mchungu kwa sababu nyama yake inakuwa chungu ka aspirini, haiuziki. China nako kimeua sana kaa wa kufugwa, tena jamii ya hawa hawa wetu wa matope. Lakini mtu akimla haijulikani kama kimewahi kumdhuru, hasara ni ya mvuvi. Kuna na kirusi cha madoa meupe, kile kinachofagia mabwawa ya kamba wa kufuga, kaa anaweza kukibeba tu akatembea nacho na wewe hakikuhusu. Nilimweleza shemeji yote haya na bado akaagiza samaki.

Kinachokuhusu wewe mlaji ni bakteria wa Vibrio, hao wanapenda bahari ya joto kama yetu, na kaa anaweza kuonekana mzima kabisa bila doa na bado anao. Moto ukiwafikia vizuri wanakufa, na upande huo banda sina neno nalo, nilivunja gando nene kabisa nyama ilikuwa nyeupe pepepe inaachana na gamba yenyewe, mchuzi wa nazi mzito, ukwaju umekaa mahali pake. Wallahi nililamba vidole.

Shida ni kijana wa kachumbari. Ubao ule ule kaa mbichi alipokatiwa mguu, kapitisha kitambaa, kaweka nyanya na vitunguu, kisu kile kile! Kachumbari haipikwi jamani, kwa hiyo chochote kilichokuwa pale kinakuja mezani kilivyo. Nilimwita weita pembeni nikamwambia taratibu, akasema ataongea nao, sijui kama aliongea. Sahani yangu ya kachumbari ilirudi vile ilivyokuja.

Kusubiri ni karibu saa nzima maana hawapiki mpaka uagize, na hilo kwangu ni zuri, kaa aliyekufa zamani nyama inaharibika haraka sana na kuvunda. Mkiweza nendeni siku za bamvua, maji yakitoka sana wale wanaowatoa mashimoni kwa kulabu wanapata wengi na karai linajaa, siku za maji mafu unaweza kukuta wadogo wadogo tu watupu. Nyota nne, ya tano wanunue ubao wa pili. M-Pesa wanachukua, kadi hawana.