Wiski ya Ayalandi: Chupa ya Kununua Kwanza, na Namna Pipa Linavyoamua Ladha

Mtu anayesimama mbele ya rafu ya wiski za Ayalandi kwa kawaida hutazama bei kwanza, kisha idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye lebo, kisha uzuri wa boksi. Mpangilio uliomo humu unafuata njia nyingine. Naamini kwamba kinachostahili kulipiwa ni mambo mawili, yaani nafaka pamoja na namna ilivyonerekwa (kuchemshwa na mvuke wake kukusanywa), na mapipa ambamo kinywaji kililala. Anayeyaelewa haya mawili anaweza kununua chupa ya bei ya kati ikampendeza kuliko ile iliyofungiwa kabatini kwa ufunguo.

Sheria ni moja kwa kisiwa kizima, Jamhuri na Ayalandi ya Kaskazini. Wiski lazima inerekwe na kukomaa humo humo kisiwani, katika mapipa ya mbao yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na itiwe chupani ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Miaka ikiandikwa kwenye lebo, huo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani. Karameli, yaani sukari iliyounguzwa, inaruhusiwa kwa ajili ya rangi, kwa hiyo weusi wa kinywaji hauthibitishi kwamba kimekaa sana, wala kwamba pipa lake lilikuwa zuri.

Zipo aina nne. Wiski ya kimea, ambayo lebo huiita Single Malt, hutokana na shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, bila nafaka nyingine, ikanerekwa katika vyungu vya shaba vya kiwanda kimoja. Aina ya pili, ambayo kwangu ndiyo fahari ya kisiwa, huandikwa Single Pot Still, nami nitaiita wiski ya chungu. Humo kimea huchanganywa na shayiri mbichi ambayo haikuoteshwa, kila moja ikiwa si chini ya asilimia 30, na nafaka nyingine zikaruhusiwa kwa kiasi kidogo tu. Desturi hiyo inahusishwa na kodi ya kimea ya mwaka 1785: wenye viwanda walipunguza kimea ili wapunguze kodi, na shayiri mbichi ikawapa kinywaji kizito mdomoni, chenye utelezi kama wa mafuta na ukali wa viungo unaobaki kwenye ulimi. Kodi ilipita, ladha ikabaki. Aina ya tatu ni wiski ya nafaka, ambayo mara nyingi hutokana na mahindi na hunerekwa katika mtambo wa mnara, ule ambao Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru huko Ayalandi, aliupatia hataza mwaka 1830. Wakuu wa viwanda vya Dublin waliukataa wakiona unatoa kinywaji chepesi mno, Waskoti wakaukumbatia. Aina ya nne ni mchanganyiko wa hizo nyingine, na ndiyo inayouzwa kuliko zote. Jameson ya kawaida na Tullamore D.E.W. zimo katika kundi hili. Kunereka mara tatu, jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa sharti, ni desturi tu.

Sasa tuje kwenye mapipa, kwa maana humo ndimo sehemu kubwa ya ladha inamopatikana. Kinywaji kinachotoka kwenye chungu hakina rangi, ni cheupe kama maji. Pipa lililo la kawaida zaidi ni la bourbon, wiski ya Marekani, ambayo kwa sheria ya nchi hiyo lazima iwekwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa moto kwa ndani; likishatumika mara moja, pipa haliwezi kurudishiwa bourbon nyingine, hivyo huuzwa, na Waayalandi ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Pipa hilo la lita kama 200 huipa wiski vanila, asali na harufu iliyo karibu na ya nazi iliyokaangwa. Pipa la divai ya sheri kutoka eneo la Jerez, Hispania, mara nyingi huwa kubwa zaidi, hadi lita 500, nalo huleta zabibu kavu, tini, karanga za kukaanga na ukakasi kidogo kama wa chai ya rangi iliyokolea. Mapipa ya divai za Port, Madeira na Marsala, na ya ramu, hutumika pia, kila moja kwa tabia yake.

Mnunuzi azingatie mambo mawili ambayo lebo haiyasemi kwa sauti kubwa. La kwanza ni mara ngapi pipa limeshatumika kwa wiski, kwa maana pipa ni kama majani ya chai: likitumika mara ya pili na ya tatu hutoa ladha nyepesi zaidi, na baada ya hapo kinachobaki ni hewa inayopenya taratibu kwenye mbao. La pili ni muda. Wiski iliyolala miaka 12 katika pipa la sheri si sawa na iliyolala miaka mingi katika la bourbon kisha ikahamishiwa la sheri kwa miezi michache ya mwisho, ingawa neno sheri huandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa zote mbili. Tena katika hali ya hewa ya baridi ya Ayalandi, takriban asilimia 2 ya kilichomo hupotea hewani kila mwaka, fungu ambalo wenyewe huliita la malaika, nayo ni sababu mojawapo ya bei kupanda pamoja na umri.

Kwa vigezo hivyo, naiweka Redbreast 12 kuwa ya kwanza. Ni wiski ya chungu kutoka kiwanda cha Midleton, karibu na Cork, iliyokomaa katika mapipa ya bourbon na ya oloroso, aina mojawapo ya sheri, na ndani yake aina na pipa vinasikika vyote viwili bila kimoja kumeza kingine: utelezi wa shayiri mbichi, kisha matunda makavu, kisha karafuu na tangawizi vinavyokawia kooni. Anayetaka kuelewa Ayalandi kwa chupa moja, anunue hii. Asiyependa utamu wa sheri atafute Powers John's Lane, nayo ya miaka 12, ya chungu vilevile, yenye asilimia 46 na iliyoegemea zaidi mapipa ya bourbon.

Ya pili ni Green Spot, ambayo mara nyingi hupatikana kwa bei ya chini kuliko Redbreast. Jina lake lilitokana na Mitchell & Son, wauza divai wa Dublin tangu 1805, waliokuwa wakipaka alama ya rangi kwenye mapipa yao ili kutambua umri. Haina miaka kwenye lebo, bali hutokana na wiski za miaka 7 hadi 10, na harufu yake ni ya tufaha bichi na shayiri mbichi. Ndugu yake Yellow Spot, ya miaka 12, huongeza mapipa ya divai ya Málaga; ni nzuri kweli, ila si chupa ya kuanzia.

Bushmills 10, wiski ya kimea kutoka Ayalandi ya Kaskazini, naiweka ya tatu, na kwa mtu ambaye wiski bado inamchoma ningeitanguliza. Ni laini, ina asali na matunda, nayo haimchoshi mnywaji. Bushmills 16, ambayo humalizia katika mapipa ya Port, ni tajiri zaidi, lakini tofauti ya bei ni kubwa kuliko tofauti ya raha.

Ya nne ni Jameson Black Barrel, mchanganyiko ambao sehemu yake hukomaa katika mapipa ya bourbon yaliyochomwa moto mara ya pili. Kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam hii huenda ndiyo hatua rahisi kuliko zote, kwa sababu Jameson ya kawaida imeenea kwenye maduka ya vinywaji, na kuzilinganisha hizo mbili usiku mmoja ni somo tosha la kazi ya moto ndani ya pipa. Ile ya kawaida ibaki kwa kuchanganywa na soda ya tangawizi, kazi inayoifanya vizuri sana. Baada yake inakuja Teeling Small Batch, yenye asilimia 46, iliyomalizia katika mapipa ya ramu. Utamu wake wa miwa huwapendeza wengi, japo mimi naona unafunika nafaka.

Connemara haiwezi kupangwa pamoja na nyingine. Kimea chake hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi unaochimbwa na kuchomwa kama kuni, nayo hunerekwa mara mbili tu. Mpenzi wa moshi ataiweka juu kabisa, asiyeupenda hatamaliza glasi, hivyo ionjwe baa kabla ya kununuliwa chupa nzima. Wiski ya nafaka pekee, kama Kilbeggan Single Grain, naiacha ya mwisho. Ni ya kuujua mchango wake katika mchanganyiko, zaidi ya kuwa chupa ya kudumu nyumbani.

Wakati wa kulipa, bei ilinganishwe kwa ujazo, kwa kuwa zipo chupa za mililita 700, 750 na lita nzima. Kenya stempu ya ushuru huhakikiwa kwa programu ya simu ya Soma Label, na Tanzania kwa Hakiki Stempu. Hatua hiyo isirukwe, hasa kwa chapa maarufu, ambazo ndizo zinazoghushiwa zaidi. Nyumbani chupa isimame wima, mbali na jua, kwa maana kileo hula kizibo cha gome chupa ikilazwa. Ikishafika chini ya nusu, inywewe ndani ya miezi michache.