Chujio la mkaa wa mifupa: miezi saba jikoni kwangu, Maji ya Chai

Nimezaliwa Maji ya Chai, Arumeru, na nikitabasamu huna haja ya kuniuliza natoka wapi. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia, mawili yana vishimo kama yamedonolewa. Nilipopelekwa shule ya bweni Morogoro, wenzangu walidhani sipigi mswaki. Nikazoea kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja, na mpaka leo mkono unapanda wenyewe. Binti yangu alipofikisha mwaka mmoja na nusu niliapa kwamba yeye atacheka mdomo wazi. Ndipo nikanunua chujio hili.

Maji yetu si machafu. Ukiyakinga kwenye glasi yanameta. Shida ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ya bomba langu nilipoipima maabara mjini Arusha ilikuwa 5.8. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yangali yanajijenga ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Huku kwetu kuna watu miguu imepinda, na wazee wasioweza kugeuza shingo. Kuchemsha hakuiondoi. Mvuke unakwenda, floraidi inabaki kwenye maji yaliyopungua.

Chujio lenyewe ni ndoo mbili za lita 20, moja juu ya nyingine. Ya juu ina chembe za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ya chini ina koki. Njia hii tunaijua siku nyingi, kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimeifanyia kazi miaka mingi. Nililipa shilingi 70,000 kwa kijana anayetengeneza machujio haya nyumbani kwake.

Wiki ya kwanza nilitaka kulitupa. Maji yalitoka na rangi ya njano kwa mbali, yananuka kama pembe iliyounguzwa. Nilisuuza ndoo nzima mara nane, harufu ikabaki palepale. Nikachota chembe kadhaa, nikazisugua kwa vidole: ziliacha utelezi wa mafuta. Nilipomrudishia yule kijana aliziangalia, akasema, "Dada, hizi hazikuiva. Nisamehe." Akanipa nyingine bila ubishi. Hizo mpya zilikuwa kavu, ngumu, ukubwa wa punje ya mchele, ukizisugua zinakwaruza na kuacha vumbi la kijivu tu. Ukinunua, fanya hivyo hivyo palepale kabla hujatoa hela.

Baada ya hapo, mambo yalikuwa mazuri. Kipimo kilishuka hadi 0.3. Maji yana ladha ya maji, chai inakolea vizuri, tofauti na yale yanayosafishwa kwa mashine na kuuzwa kwa ndoo, ambayo kwangu yako wazi mno mdomoni. Yanapita taratibu, nikijaza jioni napata ndoo asubuhi. Haliui vijidudu, kwa hiyo ya mtoto naendelea kuyachemsha baada ya kuchuja.

Lawama yangu kubwa ni hii. Niliambiwa mkaa utadumu mwaka mzima. Mwezi wa sita nilipima tena, moyo ukanishtuka: 2.4. Maji yalikuwa yaleyale machoni, puani na mdomoni. Mkaa ukishashiba floraidi haukupi dalili yoyote, na mtoto wangu alikuwa ameyanywa kwa siku nisizozijua. Anayeuza chujio bila kukueleza upime lini amekuuzia nusu ya kitu. Sasa napima kila baada ya miezi miwili, na tarehe nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuniko. Kubadilisha mkaa kulinigharimu 25,000.

Na mama zangu, tuangalie magadi pia. Unaweza kuchuja maji usiku kucha, asubuhi ukatia magadi kwenye makande ukairudisha floraidi yote sufuriani. Mimi naloweka mahindi na maharage tangu jana yake. Yanaiva, moto tu ndio unakwenda zaidi kidogo.

Kama una mtoto chini ya miaka minane na unaishi upande wetu huu, linunue. Kwa mtu mzima meno hayatarudi kuwa meupe, ila mifupa yake bado inayahitaji maji mazuri.

Binti yangu sasa ana meno kumi na sita, meupe yote. Sijashangilia bado, maana meno ya utoto huwa hayaathiriki sana. Yale ya kudumu ndiyo yanajijenga sasa hivi, na nitayaona akifika miaka sita au saba.