Modemu ya 1200/75: kasi mbili, laini moja

Wadau, karibuni tena, tuko Mtwara. Mezani leo kuna modemu ya nje, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, yenye chipu ya Rockwell. Adapta, taa na swichi mnazijua, napita. Mimi nimeijia V.23 tu, kiwango cha modemu chenye kasi mbili tofauti.

Hii inapokea biti 1200 kwa sekunde, inatuma 75. Siyo ubovu, jamani! Malori ya korosho msimu huu yanashuka bandarini yamejaa, yanapanda Masasi na magunia machache ya chumvi. Minitel ya Ufaransa, huduma ya kurasa kwa laini ya simu, ilikwenda hivyo: ukurasa mzima unashuka, wewe unabonyeza tarakimu mbili tatu.

Tazameni skrini. Nabandika herufi 200. Kila herufi inasafiri na biti 10: ya kuanzia, saba zake, ya ukaguzi, ya kumalizia. Kwa 75 zinapita herufi saba na nusu kwa sekunde. Haya, hesabuni nami... bado... bado... sekunde 27 hivi! Sasa upande wa pili unazirudisha zilezile. Tayari! Hazikufika hata sekunde mbili. Naipenda sana hii.

Kinachoniudhi ni poti ya kompyuta. UART, yaani chipu inayoendesha poti hiyo, kuanzia modeli ya 8250 hadi 16550, ina kigawanyo kimoja cha kasi. Kutuma na kupokea lazima vilingane. BBC Micro, kompyuta ya zamani ya Uingereza, iliweza kuzitenganisha, PC haiwezi. Kwa hiyo poti iweke biti 9600 kwa sekunde, modemu itunze herufi kwenye bafa yake, yaani kumbukumbu ya muda. Sasa amri za modemu. Kurudisha mipangilio ya kiwandani andika AT&F, kisha AT+MS=3,0 (3 ndiyo V.23), kisha AT\N0 (bafa bila urekebishaji wa makosa), kisha AT&K3. Hiyo ya mwisho usiiruke kabisa! Ndiyo inayoiruhusu modemu kushusha ishara ya CTS, yaani kuiambia kompyuta isubiri kwanza. Ukiiacha, ukabandika barua ndefu, bafa inafurika: mwanzo unafika, katikati pameliwa. Na kebo ya nyaya tatu haifai hapa, nyaya za ishara za RTS na CTS lazima ziwepo.

Anayepiga ndiye anayetuma 75, kwa milio ya 390 na 450 Hz. Anayepokea anatuma 1200, kwa 1300 na 2100. Ukizipa modemu zote mbili ATA, amri ya kupokea simu, kila moja inangojea mlio ambao mwenzake hatoi, na hazitashikana. Moja ipe ATX3D, ya kupiga bila kungoja mlio wa laini, nyingine ATA.

Laini inayopita kwenye intaneti isibanwe sauti, chagua G.711, njia ya kusimba sauti bila kuibana sana, maana G.729 inaibana mno na inaivuruga milio. Na sisi wa pwani, kagueni pini kwanza: hewa ya chumvi inaleta kutu ya kijani, halafu unalaumu mipangilio bure.

Kama unatuma mafaili mengi, chukua kiwango cha V.22, ni 1200 pande zote. Ila ile V.90 inayosifiwa nayo haina usawa: hadi 56,000 kushuka, 33,600 kupanda. Muuzaji akikupandishia bei kwa sababu ya V.90 na wewe unataka V.23, kataa. Kabla hujatoa hela, ichomeke, andika AT+MS=?. Kwenye chipu hizi, namba 3 isipokuwepo kwenye orodha, mrudishie.

Video ijayo tunaunganisha modemu mbili bila laini ya simu, kwa betri ya volti 9 na rezista. Bonyeza kengele. Kebo ya simu uwe nayo tayari.