Amitrazi 12.5% ya kuogeshea mifugo: kiboko ya kupe, ila haitibu kila upele

Kwa kupe wa ng'ombe, amitrazi ya maji ya asilimia 12.5 inastahili sifa zake. Kupe huachia ngozi na kuanguka, hata wale waliokwisha kung'ata. Utitiri wa upele na chawa nao huwamaliza. Inzi haiwawezi, wao wana dawa zao.

Kabla ya kuinunua, kagua ngozi. Pekua manyoya ya shingoni, mgongoni na kwenye shina la mkia: chawa huonekana kwa macho, na mayai yao meupe hugandamana na unywele. Utitiri wa upele hauonekani. Dalili zake ni mnyama kujikuna bila kupumzika, manyoya kunyonyoka na ngozi kuwa nene yenye mikunjo. Anayetaka uhakika amwite daktari wa mifugo aparuze ukingoni mwa kidonda, si katikati, mpaka damu ichungulie, kisha apime kwa darubini. Mabaka ya duara yenye ukoko wa kijivu, hasa usoni mwa ndama, na yasiyowasha sana, mara nyingi ni choa. Choa ni ukungu, na amitrazi haiutibu hata ukimaliza chupa nzima. Hapa ndipo dawa nzuri inapolaumiwa bure.

Kipimo ni mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 40 kwa bomba la lita 20. Tia maji nusu, pima dawa kwa sirinji (kifuniko cha chupa si kipimo), koroga, kisha jaza. Mchanganyiko mzuri ni mweupe kama maziwa. Mafuta yakielea juu, usiutumie. Tengeneza wa siku hiyo tu, na funga chupa vizuri kwa sababu unyevu huiharibu dawa.

Kosa kubwa ni ubahili wa maji. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hadi 10, alowe mpaka atiririke, na unyunyize kinyume na mlalo wa manyoya. Mgongo ndio kila mtu anaukumbuka. Kupe wako ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele, kinenani, kidarini na katikati ya kwato. Masikio yafute kwa kitambaa kilicholowekwa, ukiwa umevaa glavu. Ukipunguza dawa, kupe wanaobaki ndio wanaozaa kizazi sugu.

Kwa upele rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwa chawa baada ya siku 14, maana mayai huwa yameangua. Ogesha kundi zima siku moja. Mmoja akiachwa atawaambukiza wote.

Upele ukiwa mzito, sindano ya ivamektini ya asilimia 1, mililita 1 kwa kilo 50 chini ya ngozi, humfikia utitiri aliyejichimbia. Chawa watafunao ngozi huinusurika kwa kuwa hawanyonyi damu, na ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kunywa watu hachomwi.

Kasoro za amitrazi ni harufu kali na hatari yake kwa farasi na punda: huwazuia matumbo kufanya kazi, nao wanaweza kufa. Usiwaogeshe nayo kamwe. Mabaki ya bombani yasimwagwe karibu na kisima wala bwawa, kwani ni sumu kwa samaki.