Bia ya Malindi: tafuta chupa isiyoonja jua

"Ya baridi au ya moto?" Ndivyo mhudumu wa baa Malindi anavyouliza kabla hajaenda kwenye friji, na mgeni aliyehamia hapa kikazi, awe ametoka Dodoma au Milano, hujibu haraka "baridi sana" akidhani amemaliza. Ubaridi wa jioni hii haufuti joto la mwezi mzima. Bia nyingi mbovu zinazonywewa mji huu zilitoka kiwandani zikiwa nzima. Zimeharibikia stoo, au kwenye rafu inayotazama dirisha. Ndiyo maana hapa tunapima maduka na mabaa kabla ya kupima chapa.

Tusker, White Cap na Pilsner ni bia za Kenya Breweries, kampuni iliyoanza mwaka 1922, na kiwanda chake cha Nairobi kiko Ruaraka. Kwa njia ya Mombasa na Kilifi, chupa husafiri kama kilomita 600 kufika hapa. Safari yenyewe haina neno, mradi lori limefunikwa turubai. Inayoiua bia ni stoo. Watu wa biashara hii wana kanuni yao ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32 za joto huichakaza bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio tu, lakini yapige kwa stoo ya mabati isiyo na dari, mwezi wa Machi, wakati kaskazi imelegea na upepo hauvumi. Kreti likikaa humo wiki tatu limezeeka kama lililokaa miezi saba katika chumba cha nyuzi 22.

Kinachotokea ndani ni hiki. Hewa kidogo iliyobaki shingoni mwa chupa huanza kula ladha, na joto huiharakisha kazi hiyo. Uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, hufifia kwanza. Kisha huja ladha ya boksi lililolowa, na mwishowe utamu mzito wa mkate uliolala. Haitakudhuru, ila umelipia bia na hukuipata. Na friji hairudishi kilichopotea. Inakificha tu, kwa sababu ulimi uliopigwa ganzi na baridi hauonji. Ukitaka kulijua duka, nunua chupa moja, mimina nusu kwenye glasi, iache dakika kumi mezani, halafu inuse.

Kuna dhana iliyoenea kwamba bia ikipozwa, ikapata joto, ikapozwa tena, imekwisha. Si kweli. Kupanda na kushuka mara moja au mbili hakuiharibu bia ya chupa. Kinachohesabika ni jumla ya saa ilizokaa kwenye joto. Kwa hiyo usimkasirikie muuza duka anayezima friji usiku mmoja umeme ulipokatika. Mkasirikie anayeweka makreti yake nje, ukutani, upande wa jua la alasiri.

Hapo tunafika kwenye jua, adui mbaya kuliko joto kwa kuwa hafanyi kazi kwa wiki, anafanya kwa dakika. Mwanga ukigusa dutu chungu za hopsi huzivunja, na zikikutana na salfa iliyomo kwenye bia hutoa harufu ya kicheche. Si mfano wa kutia chumvi: ni harufu ya jamii ileile, na pua huinasa hata ikiwa kidogo mno. Chupa ya kahawia huuzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huuzuia kidogo sana, na nyeupe ni kama haipo. Kopo halipitishi kitu. Kwenye mabaa ya ufuoni bia huharibika mbele ya macho ya mnywaji: chupa ya kijani imewekwa mezani saa tisa alasiri, mwavuli umesogea na kivuli chake, na kabla hajafika nusu harufu imebadilika. Watu wengi wamezoea kuiita harufu hiyo "ladha ya bia ya Ulaya". Sivyo ilivyopikwa.

Sasa dukani. Usiichukue chupa ya mbele kwenye rafu. Ya nyuma ndiyo iliyokaa gizani, ingawa katika duka lisilopanga mzigo wake ndiyo pia iliyokaa muda mrefu zaidi, basi soma tarehe. Igeuze polepole, uitazame dhidi ya taa. Lagi, yaani bia ya rangi ya dhahabu kama Tusker, inatakiwa iwe safi. Ukiona vipande vyepesi vikielea kama vumbi la kitambaa, irudishe. Kisha tazama kizibo. Hewa ya bahari hapa ina chumvi, na chupa iliyokaa miezi kwenye unyevu huwa na kutu ya rangi ya chungwa kwenye meno ya kizibo. Pitisha kidole chini ya meno hayo: kikitoka na alama nyekundu, chupa hiyo ina historia. Lebo iliyokunjamana na kuanza kubanduka maana yake imelowa na kukauka mara nyingi, yaani friji inazimwa na kuwashwa. Ule mduara mweupe wa mikwaruzo tumboni mwa chupa usikutishe. Unaonyesha chupa imerudi kiwandani mara nyingi, hausemi lolote kuhusu bia iliyomo.

Kwa hukumu yetu, mahali pazuri pa kununua bia Malindi ni depo inayouza kwa jumla, pale inapohudumia baa nyingi na makreti hayakai. Kreti la chupa za nusu lita huwa na chupa 25, na utaacha dhamana ya chupa na kreti isipokuwa uje na tupu zako. Ziweke tangu siku ya kwanza. Uliza mzigo uliingia lini. Depo nzuri hujibu bila kufikiri. Baada ya depo, baa yenye watu wengi hushinda hoteli ya kifahari isiyo na wageni, na jambo hili wageni hulikosea sana. Nje ya msimu, hasa Mei na Juni mvua ikinyesha na hoteli nyingi zikiwa zimefungwa au nusu tupu, friji maridadi la kioo lenye taa ndani ndilo mahali pabaya pa kukaa chupa ya kijani. Supamaketi iko katikati: mzigo unazunguka vizuri, ila taa za rafuni huwaka siku nzima. Pale chukua kopo.

Baa za kawaida, kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010, hufunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Asiyejua hilo hupoteza safari.

Chapa zenyewe. Tusker, yenye kileo asilimia 4.2, ndiyo salama kuliko zote hapa kwa sababu moja tu: inauzika haraka mno kiasi cha kutopata nafasi ya kuzeeka. Ni nyepesi, kavu kiasi, na inaendana na joto. Mtanzania aliyezoea Safari yenye asilimia 5.5 ataiona imepwaya wiki ya kwanza. Asihangaike kutafuta Safari iliyovushwa mpaka na kukaa juani. Aliyezoea Kilimanjaro hatahisi tofauti kubwa. White Cap ni laini zaidi, nzuri na samaki wa kupaka, ila hainunuliwi sana kila mahali, basi tarehe yake isomwe. Tusker Malt, asilimia 5.2, ina ladha nene na tamu ya kimea na pengine ndiyo bora kati ya lagi hizi ikiwa mpya; kwa bahati mbaya imevishwa kijani. Inunue kutoka kwenye kreti au boksi lililofungwa, usiinunue rafuni.

Ya nje ni bahati nasibu. Waitaliano wa hapa wakitaka ya kwao, Birra Moretti ya chupa ya kahawia ina nafasi nzuri kuliko Peroni Nastro Azzurro ya kijani, lakini zote zimevuka bahari ndani ya kontena, na kontena linapokaa juani huwa tanuri. Hakikisha stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ipo. Programu ya simu ya Soma Label huisoma na kukuambia kama ni halali. Zaidi ya hapo, tarehe ikibakiza chini ya miezi mitatu, iache.

Anayetaka bia yenye uzito asiidharau Guinness ya hapa, asilimia 6.5. Rangi yake na shayiri iliyokaangwa huficha uzee kuliko lagi yoyote, chupa yake ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga, na haitaki baridi kali: nyuzi 10 zinatosha. Friji likiwa dhaifu, hiyo ndiyo ya kuagiza.

Lagi inataka nyuzi 4 hadi 7. Nyumbani, friji lililojaa huchukua saa nyingi kuipoza chupa iliyotoka kwenye joto la 30, na friza ni mtego: maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9, na chupa uliyoisahau saa mbili hupasuka, au hutoa povu tupu ukiifungua. Njia ya haraka ni barafu na maji. Kwa chupa 12 za nusu lita, tia kwenye ndoo kubwa kilo 5 za barafu iliyovunjwavunjwa na lita 4 au 5 za maji, chupa zizame hadi shingoni. Maji ndiyo siri, kwa sababu barafu isiyo na maji hugusa chupa sehemu chache tu na kati yake kuna hewa. Zigeuze kila baada ya dakika chache; robo saa inatosha. Konzi mbili za chumvi huongeza kasi, lakini chumvi ikiingia usiondoke, kwani maji hushuka chini ya sifuri na bia ya asilimia 4 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Barafu rahisi kupatikana ni ile ya wavuvi. Inafaa kwa ndoo, haifai kabisa kwa glasi, na mdomo wa chupa ufutwe kwa kitambaa safi kabla ya kufunguliwa.

Glasi yenyewe ioshwe kwa sabuni, isuuzwe mpaka iteleze maji bila kuacha matone, na isipanguswe kwa kitambaa cha jikoni. Mafuta huua povu. Ukiwa unakula kamba au viazi vya karai kwa mkono, povu litakufa kwenye mdomo wa glasi hata bia iwe mpya namna gani, usiilaumu.

Bia ya bomba huko hotelini ni nzuri au mbaya kutegemea mpira inamopita. Uoshwe kila wiki mbili. Usipooshwa, bia huja na harufu ya siagi au siki. Uliza mara ya mwisho ulioshwa lini, na usiagize glasi ya kwanza ya siku, maana hiyo ndiyo iliyolala mpirani usiku kucha kwenye joto. Keg ya Senator, iliyoanza mwaka 2004 na kupikwa kwa mtama, ni kinywaji kingine cha bei nyingine. Nenda panapojaa jioni, pipa lililofunguliwa leo limalizike leo.

Anayefika Lamu akitarajia mambo ya Malindi atashangaa. Ni mji wa Kiislamu, bia hupatikana katika hoteli chache za mji na za Shela, kijiji cha jirani, na heshima inataka isibebwe wazi vichochoroni, mwezi wa Ramadhani zaidi. Mzigo hutoka bara, hupita Garsen na Witu hadi jeti ya Mokowe, kisha hupanda boti. Ukichukua yako kutoka Malindi, chukua makopo: ni mepesi, hayana tupu za kurudisha, na jua la kivukoni haliyafikii ndani. Yaviringishe kwa gunia bichi, yaweke chini ya benchi upande wa kivuli, na uulizie nahodha anaelekea wapi kabla hujachagua upande.